Chetezo Mlangoni, Sindano Sufuriani

Mwenzangu, kama juzi umeambiwa una kisukari ukapewa bomba la sindano la kioo ukaenda nalo nyumbani, kaa kitako tuzungumze. Habari za damu na kongosho waulize wenyewe waliozisomea. Mimi nitakwambia ya benchi, ya paja, na ya watu wa nyumbani, maana hayo ndiyo yaliyotaka kunimaliza, na hayo ndiyo niliyoyashinda. Nimeyashinda kweli, wala sioni haya kujisifu. Leo nakaanga visheti vya harusi za mji mzima wa Bagamoyo na sionji hata kimoja, na mguu wangu wa kulia, ule uliokuwa uondoke, ndio ninaokanyagia cherehani ya mume wangu akiwa na kazi nyingi.

Ugonjwa ulinianza mwishoni mwa masika. Kiu gani ile. Nilikuwa nakunywa maji mpaka mtungi unabaki mtupu, halafu naamka kwenda chooni kama niliyeajiriwa huko. Nikakonda. Bangili zilizokuwa hazinitoki bila sabuni zikawa zinadondoka zenyewe nikifua. Kanga haikai kiunoni. Majirani wakasema mimba, mimba ilipokawia wakasema jini. Aliyeona ni mavyaa wangu, mama yake mume wangu Bakari, tuliyekuwa tukikaa naye nyumba moja. Siku moja nilikuwa namwinamia kumpa kahawa, akanishika kidevu, akaninusa mdomo.

"Zuhura, mdomo wako unanuka matunda yaliyopitiliza," akasema. Kisha akamwita mwanawe. "Bakari, weka chini hiyo suruali ya watu. Mpeleke mkeo hospitali leo hii."

Angechelewa siku chache tu, nisingekuwa hapa nikikusimulia. Hilo nataka ulikumbuke utakapomsikia mbele, usije ukamhukumu.

Hospitali yenyewe ilikuwa Dar es Salaam, na kliniki ya sukari ilikuwa na benchi refu ukutani. Tulikaa pale kila mtu kaficha chini ya kanga au koti kichupa cha dawa ya kikohozi, na ndani yake mkojo wake. Muuguzi anauchukua, anautia kwenye maji ya buluu, anauchemsha juu ya taa ya spiriti mbele ya macho yenu. Ukibaki buluu unakwenda zako nyumbani. Ukigeuka kijani unasemwa. Ukiwa rangi ya matofali unalazwa. Basi sote tunakodolea macho kile kichupa, na mtu akitoka buluu benchi zima linasema alhamdulillahi, hata wasio Waislamu.

Aliyenifundisha kujidunga alikuwa muuguzi mmoja, Sista Felista, msichana mwembamba mwenye sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Mara ya kwanza niliisogeza sindano kidogo kidogo mpaka ikanichora. Akasema, "Dada Zuhura, unaibembeleza. Iingize." Nikaiingiza. Nilirudi nyumbani na bomba langu, sindano zangu, na vichupa vya insulini ambavyo mavyaa alivitafutia kimtungi kidogo, akakizika nusu kwenye mchanga wa ukumbini na kuumwagia maji asubuhi na jioni, maana jokofu tungelitoa wapi.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa mitamu. Mwili ulirudi, bangili zikakaa. Ramadhani ilipoingia daktari akanikataza kufunga, na mimi nililia, kwani toka utotoni sikuwahi kula mchana wa mwezi ule pasipo udhuru wa kike. Mavyaa akanipikia uji saa sita, yeye mwenyewe kafunga, akanikalia mbele mpaka nimalize bakuli. "Mola kakupa ruhusa," akasema, "mimi ni nani nikunyime?" Huyo ndiye mama niliyepewa.

Kipupwe kilipokuwa kinakwisha, jipu likatoka pajani. Jipu si kitu, kila mtu ana lake, nikalikanda maji ya moto. Likavimba likawa jekundu, mguu hauinuki, na mkojo ukawa matofali. Nikalazwa, likapasuliwa. Wodini Sista ndiye aliyekuwa akinidunga, na paja likapona vizuri kabisa. Nikarudi nyumbani. Mvua za vuli zilikuwa hazijaisha, jipu la pili likatoka, kubwa kuliko la kwanza.

Safari hii daktari, kijana mrefu aliyekuwa amechoka kuliko sisi wagonjwa, alinitazama hakucheka.

"Mama, wewe huchemshi bomba."

"Nachemsha, daktari."

"Unachemsha nini, chai?"

Nilitaka kumjibu, Bakari akanibana kidole. Daktari akamweleza yeye, mimi nikiwa pale pale kama gunia: paja likioza tena huenda mguu ukakatwa, na kama nyumbani hatuwezi kutumia sindano ipasavyo, afadhali nihamie Dar nikae karibu na hospitali nidungwe kila siku na watu wanaojua. Atatupa mwezi mmoja wa kujaribu, basi.

Nihamie wapi? Dar sina ndugu. Nyumba yangu iko Bagamoyo, mume wangu na cherehani yake wako Bagamoyo, mavyaa yuko Bagamoyo. Nilitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: kuishi mzima, nyumbani kwangu, na watu wangu wote ndani. Nikaona kinachukuliwa hivi hivi.

Nyumbani Bakari akaanza kunisimamia. Nikiteleka sufuria ya sindano, yuko nyuma yangu. Maji yakianza kuchemka anasema, "Bado, bado." Siku ya tatu ya ulinzi huo nikamwambia, "Bwana we, umekuwa polisi au mume?" Akaniambia anaogopa. Nikamwambia na mimi naogopa, lakini simvizii mtu. Hatukusemeshana mpaka jioni. Ugonjwa huu, mwenzangu, unaumiza nyumba kabla haujaumiza mwili, ujue hilo mapema.

Sista Felista alikuwa na dada yake aliyeolewa huku kwetu, na likizo yake ikaangukia wiki hizo. Asubuhi moja akabisha hodi. Mavyaa akamtandikia jamvi uani. Sista akasema, "Dada Zuhura, fanya kama kila siku. Mimi sipo."

Nikachemsha bomba na sindano, Bakari kasimama juu yangu kama kawaida yake. Maji yakachemka vya kutosha, nikaepua, nikaenda kuoga, Bakari akaenda dukani kwake. Na hapo, kama kila siku, mavyaa akaendelea na sehemu yake. Akamwaga maji, akalitoa lile bomba, akalitenganisha. Akavuta chetezo chake, kaa la moto ndani, akatia ubani. Akaupisha moshi ndani ya bomba polepole, huku anasema Bismillahi, kisha akaifukiza na sindano, akaviweka juu ya kitambaa chake kizuri kinachonukia yasmini mpaka nitoke bafuni.

Nilipotoka nikamkuta Sista kasimama.

"Mama," akamwuliza, "hiyo ni nini?"

"Ubani, mwanangu," mavyaa akajibu kwa fahari. "Mtungi wa maji tunaufukiza, kikombe cha mgeni tunakifukiza, seuze kitu kinachoingia mwilini mwa mkazamwana wangu?"

Sista akatoa leso yake nyeupe, akaizungusha ndani ya bomba, akaitoa. Ilikuwa nyeusi.

Utauliza kwa nini mimi sikusema siku zote zile. Ningesema nini? Daktari aliniuliza kama nachemsha, nikajibu. Hakuniuliza kama naosha uso wala kama nafukiza. Kwetu chombo safi ni kile kinachonukia, na bomba lile lilikuwa linanukia kama kikombe cha bwana harusi. Hata halikunipitia akilini.

Sista alieleza kwa adabu zote. Masizi yanaganda ndani, vidole vinagusa, kitambaa kinagusa, na yote hayo yanaingia pajani. Mavyaa akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja, "Mimi," akachukua chetezo, akamwaga makaa uani, akakifunika juu chini. Kesho yake akafunga mafurushi, akaenda Mlingotini kwa binti yake. Bakari alimsihi njiani mpaka kwenye minazi ya mwisho. "Siwezi kukaa nyumba ninayoiua kwa mkono wangu," alimwambia.

Basi nikapona. Jipu lilikauka, la tatu halikuja, daktari akanipa mkono kliniki na kusema "hongera", na habari ya kuhamia Dar ikafa. Ningefurahi kweli kweli. Lakini nyumba ilikuwa hainuki kitu. Bakari anakula upesi na kurudi dukani, mimi nafukia kimtungi cha insulini mchangani peke yangu, na kila nikituma salamu Mlingotini zinarudi salamu tupu. Mguu niliupata, mama nikampoteza, na sikuona hesabu hiyo imekaa sawa.

Joto la kaskazi lilikuwa limeshika pale kliniki walipotuonyesha sinema. Idara moja ya serikali ilikuwa inatengeneza sinema ya kuwafundisha wagonjwa kutumia bomba la sindano nyumbani, nasi wa benchini tukawa wa kwanza kujaribiwa nayo. Wakafunga madirisha, wakatundika shuka. Tukaona chumba cheupe, meza nyeupe, muuguzi kavaa glavu, anachemsha, anachukua dawa, mwisho. Tukapiga makofi. Bwana wa sinema, Ndugu Joakim, mtu wa miwani na shati la mikono mifupi, akafurahi.

Sista Felista akasimama mbele yetu. "Makofi nimeyasikia," akasema. "Sasa niambieni. Hapo bomba lilipotoka kwenye sufuria, nyumbani kwenu nini hufuata? Hakuna wa kugombezwa."

Mzee mmoja wa Vigwaza akasema yeye hulianika juani juu ya bati likauke. Mwingine hulipuliza kwa mdomo litoke maji. Mama mmoja hulifunga kwenye pindo la kanga, na pindo hilo hilo hufungia ugoro. Nami nikajikaza, nikasema, "Kwetu tulikuwa tunalifukiza ubani." Nikasubiri wanicheke. Wanawake kadhaa pale benchini wakageuka wakanitazama. Mmoja akasema, "Kwani haifai?"

Kumbe si nyumba yangu peke yake.

Ndugu Joakim hakuwa mtu wa kununa. Aliandika yote, akakubali kwamba sinema yake iliishia pale ambapo nyumba za watu zinaanzia, na wiki ile ile akaja Bagamoyo na Sista kutazama ua wangu. Akaupenda. Jiko la mkaa, sufuria, jamvi, vyote avipige picha hapa hapa. Kisha akanieleza alivyopanga. Ataleta mchekeshaji kutoka Dar, avae baibui awe bibi kizee, afukize bomba mpaka moshi umkabe, apige chafya, aanguke na chetezo.

"Mtu hukumbuka kilichomchekesha," akasema. Hakukosea.

"Bibi huyo ni nani?" nikamwuliza.

"Ni bibi tu."

"Ni mavyaa wangu huyo. Kwenye ua wangu hachekwi."

"Sasa dada, nani ataonyesha kosa?"

Nikamwambia anipe siku mbili.

Mlingotini nilimkuta mavyaa barazani kwa binti yake, anasuka ukili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Kisha akauliza, "Mguu?"

Nikaingia naye ndani, nikampandishia kanga. Akapitisha kiganja pajani, taratibu, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele. Hakulikuta. Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka.

Nikamweleza habari ya benchi. Yule wa kupuliza, yule wa ugoro, akatabasamu kidogo. Nikamwambia na wale wanawake wa ubani.

"Wako wengine?"

"Wako, mama. Na mama zao na wakwe zao wanafukiza mpaka leo asubuhi."

"Hawajaambiwa?"

"Waambiwe na nani? Sista ni msichana, tena si wa huku. Akiwaambia waache ubani wataona anawatukana. Wewe wakikuona na chetezo chako watakaa wasikilize."

Vidole vyake vikaendelea na ukili. "Na huyo bwana wa picha anataka nikabwe na moshi watu wacheke. Binti yangu kasikia sokoni."

"Nimeshamkatalia."

"Ubani sitautukana, Zuhura."

"Usiutukane. Uuweke mahali pake."

Akafikiri sana. Mwisho akauzongazonga ukili, akamwita binti yake amletee baibui.

Siku ya kupiga picha aliupanga ua yeye, si Ndugu Joakim. Kwanza akafukiza chumba, kama anavyofukiza. Akafukiza kanga zangu. Akafukiza mtungi wa maji ya kunywa. Halafu akakibeba chetezo, akakitoa nje, akakiweka kizingitini. Akanawa mikono kwa sabuni. Ndipo akateleka sufuria, akaigeukia ile mashine ya picha na kusema, "Chetezo mlangoni, sindano sufuriani. Chombo kikishatoka motoni hakiguswi na moshi, wala kitambaa, wala pumzi yangu. Miye nilikosea hapo, mwanangu akaugua. Weye usikosee."

Ndugu Joakim akamwambia, "Mama, vizuri sana, lakini usiitazame mashine."

"Namsemesha mtu. Nimtazame nani, kuku?"

Joakim akavua miwani, akaifuta, akasema, "Itazame, mama." Akamwambia arudie mara nyingi mpaka mavyaa akachoka. "Bwana, sindano imeshaiva hii, itayeyuka," akamwambia, na kila aliyekuwapo akacheka, yeye wa kwanza.

Jambo moja nalo nimpe Ndugu Joakim haki yake. Katika sinema ya kwanza mashine ilimkabili muuguzi, na watu benchini wakawa wanachanganya mkono gani ushike nini. Safari hii aliiweka nyuma ya bega langu, ikichungulia mikononi mwangu, hivi kwamba anayetazama anaiona mikono yangu kama ndiyo yake mwenyewe. Navuta dawa, nagonga povu litoke, unaona vyote kama unafanya wewe. Ni akili kubwa ile.

Yakabaki ya paja. Sista akanitazama, mimi nikamtazama Bakari, Bakari akatazama chini.

"Paja la mke wangu halitazungushwa mpaka Chalinze," akasema. Tukadhani kazi imekwama. Kumbe hajamaliza. Akakunja shuka lake la kiunoni, akakaa kwenye kigoda. "Pigeni langu."

Sista akatia maji safi ya hospitali ndani ya bomba, maana yeye sukari hana. Nikamdunga. Yule polisi wangu wa sufuria, aliyeniambia mara ngapi sijui kwamba haiumi, akaruka na kigoda chake. Ikabidi tumrudie. Jioni alinishika mkono akasema, "Zuhura, hii unaifanya kila siku?" Nikamwambia kila siku. Toka hapo hakunisimamia tena. Huniletea maji ya kunawa na kukaa kando.

Gari la sinema lilikuja wakati mashamba yameshalimwa kungoja masika. Wakatundika shuka kubwa uwanja wa shule, na baada ya Isha mji mzima ulikuwa pale, majamvi kwa majamvi. Mavyaa kavaa kanga mpya, kakaa mbele kabisa. Paja la Bakari lilipotokea, jeupe na kubwa kama mlango, kovu lake la baiskeli likamsaliti, uwanja ukaangua kicheko na mafundi wenzake wakawa wanamwita kwa jina. Basi kucheka tukacheka, Ndugu Joakim akapata alichokitaka. Lakini mavyaa alipogeuka pale juu ya shuka na kuwatazama watu wale wote machoni, na kusema miye nilikosea hapo, hapakusikika hata kikohozi. Wanawake wazee waliokuwa nyuma yangu, wenye vyetezo vyao majumbani, mmoja akasema taratibu, "Kasema kweli." Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mavyaa.

Gari likaenda Kiwangwa, Vigwaza, Ubena, na kwingine nisikokujua. Watoto wa Bagamoyo wakawa wanaruka kamba kwa maneno ya mavyaa. Benchini, Sista akaniambia majipu yamepungua mpaka daktari yule mrefu anauliza kulikoni.

Masika yalipokwisha, mwaka mzima na zaidi tangu kiu yangu ya kwanza, tulisikia hodi. Mwanamke wa makamo, mgeni, kabeba mananasi mawili kichwani. Ametoka Kiwangwa. Anamtafuta Bibi wa Chetezo.

"Ndiye mimi," mavyaa akasema.

Yule mama akatua mananasi, akapiga magoti kuamkia. Alikuwa na kisukari, majipu yamemtesa, mkwewe alikuwa akimfukizia bomba kwa mapenzi yote, na yeye hakujua namna ya kumkataza mtu anayempenda. Gari likaja kijijini. Mkwewe aliitazama sinema mpaka mwisho, akarudi nyumbani, akakiweka chetezo mlangoni mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

"Hajaondoka?" mavyaa akauliza. "Yupo kwako?"

"Yupo, mama. Ndiye aliyenichagulia mananasi."

Mavyaa akamwingiza chumbani, akafunga mlango, akavaa miwani yake. "Pandisha kanga, nione." Akapitisha kiganja pajani kwa mgeni, taratibu, huku na huku. Ngozi ilikuwa laini, haina kitu.

"Safi," akasema. Kisha akanigeukia, uso umemjaa nuru. "Zuhura, washa makaa. Lete chetezo tumfukize mgeni."